Kusanifu chumba kuanzia futikamba hadi brashi: mwongozo kamili wa kupima, kuchora na kupanga rangi

Kazi nyingi za usanifu wa ndani huharibika kwa mtindo uleule. Chumba kinapimwa harakaharaka, samani zinapangwa, taa zinafungwa, na siku fundi rangi anapofika na rola yake ndipo watu wanaanza kubishana kuhusu rangi. Kufikia hapo karibu kila kitu kinachoguswa na rangi kimeshaamuliwa. Ukuta mzito hula mwanga, na mwanga huo ndio uliotumika kupanga taa na mahali pa meza. Mwongozo huu unaiingiza rangi mchoroni tangu mwanzo.

Tutatumia chumba kimoja cha mfano: urefu mita 4.2, upana mita 3.6, kimo mita 2.7, mlango mmoja wa mita 0.9 kwa 2.1, na dirisha moja la mita 1.5 kwa 1.2 kwenye ukuta mfupi. Weka namba zako mahali pa hizi, hesabu hazibadiliki.

Kupima

Unahitaji futikamba ya chuma ya mita 5 au 8, pima maji, timazi, penseli, ubao wa kuandikia, na mtu wa kushika upande wa pili. Kipimo cha leza kinaharakisha kazi, ila kwenye kioo, kona yenye uchafu au ukuta wenye mawimbi kinaweza kukudanganya, kwa hiyo futikamba usiiache.

Chora kwanza umbo la chumba kwa mkono, kubwa, likijaza karatasi, kabla hujapima chochote. Anayepima huku akichora husahau kitu, na mara nyingi alichosahau ni unene wa ukuta. Kisha zunguka chumba kwa mwelekeo mmoja kuanzia mlangoni.

Kwenye kila ukuta, funga mwanzo wa futikamba konani na usome vipimo vyote kutoka hapohapo: ukingo wa kwanza wa dirisha 1050, ukingo wa pili 2550, kona ya mwisho 3600. Ukipima kipande kimoja kimoja na kujumlisha, kila kosa la milimita 2 au 3 linabebwa na linalofuata, na mwisho wa ukuta wenye vipande sita unaweza kukuta milimita 15 hujui zimetoka wapi. Andika kila kitu kwa milimita. Ukichanganya sentimita na milimita kwenye karatasi moja, kuna siku 45 itasomwa kama 450.

Pima pia mishazari yote miwili ya sakafu. Hapa ndipo watu wengi huruka, na ndipo siri ya chumba ilipo. Chumba cha mita 4.2 kwa 3.6 chenye kona za nyuzi 90 kina mshazari wa mita 5.53 kila upande. Tuseme umepata 5.56 upande mmoja na 5.50 upande mwingine. Tofauti hiyo ya sentimita 6 inaonekana ndogo, lakini maana yake ni kwamba ukuta wa mita 3.6 umelala milimita 40 hivi kutoka mwanzo wake hadi mwisho. Kabati lililotengenezwa kwa mraba kamili, lenye kina cha milimita 600, likisukumwa konani litaacha mwanya wa karibu milimita 7 upande mmoja. Seremala atalaumiwa, na kosa si lake. Ukijua mapema, unamwambia aache ubao wa pembeni wenye ziada ya milimita 20 aje auchonge palepale ukutani.

Kimo cha dari pima sehemu tano: kona nne na katikati. Namba zikitofautiana, hujui bado kama dari ndiyo imeinama au sakafu. Ili kujua, piga mstari wa usawa kuzunguka kuta zote, mita moja juu ya sakafu ya mlangoni. Kama huna leza ya kuzunguka, mpira mwembamba unaoonyesha maji unatosha: ujaze maji, hakikisha hakuna hata povu moja ndani, maana povu linavunja usawa, kisha weka alama palipotulia maji kwenye kila kona. Kuanzia hapo pima juu hadi darini na chini hadi sakafuni. Mstari huu uache ukutani hadi kazi iishe. Utautumia kwa soketi, vigae, fremu na kila kitu cha kufungwa kwa usawa.

Usiondoke bila haya: kimo cha kizingiti cha dirisha na cha linta (boriti iliyo juu ya dirisha), unene wa ukuta, dirisha na mlango hufungukia wapi, mahali na kimo cha kila soketi, swichi na bomba, na dirisha linatazama upande gani wa dira. Andika saa ambazo jua linaingia moja kwa moja, na linapofika sakafuni. Piga picha kila ukuta ukiwa umeutazama wima, na futikamba ikiwa imeegemezwa ukutani ili picha iwe na kipimo ndani yake.

Kuhamishia kwenye karatasi

Ramani ya sakafu ni mkato wa mlalo, ambao kwa kawaida hupita kati ya mita 1 na 1.5 juu ya sakafu. Kilichokatwa kinachorwa kwa mstari mnene, kilicho chini ya mkato kwa mstari mwembamba, na kilicho juu yake, kama boriti au kabati la juu, kwa mstari wa vipande. Ukifuata kanuni hii moja, ramani inasomeka hata bila maelezo.

Kalamu za kuchorea zina unene unaopanda kwa hatua maalumu: milimita 0.13, 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7. Kila hatua ni mara 1.4 hivi ya iliyotangulia, sawa na jinsi upande wa A3 unavyokua kuwa upande wa A2. Ndiyo maana mchoro wa A3 ukikuzwa hadi A2, mstari wa 0.25 unageuka 0.35 kamili na unaweza kuendelea kuchora kwa kalamu inayofuata. Kwa chumba kimoja unene wa aina tatu unatosha: 0.5 kwa kuta zilizokatwa, 0.25 kwa samani na kingo, 0.13 kwa vipimo na ruwaza za sakafu. Mchoro wenye mistari ya unene mmoja huchosha macho, na fundi anaweza kuchukua mpaka wa zulia akadhani ni ukuta.

Kuhusu skeli, yaani uwiano wa mchoro kwa chumba halisi, 1:50 inatosha kupanga samani, 1:20 au 1:25 kwa kuta na rangi, 1:5 kwa kiungo cha mbao au kona ya dari. Kuchora chumba kizima kwa 1:5 ni kupoteza siku.

Sasa chora kile ambacho kazi hii yote inakitegemea, yaani chumba kilichokunjuliwa. Weka ramani ya sakafu katikati, kisha lalisha kuta nne kuizunguka, kila ukuta ukigusa ukingo wake wa sakafu, kama boksi lililofunguliwa. Wasanifu wa Uingereza wa karne ya 18 waliitumia sana njia hii kupanga mapambo ya vyumba, na hadi leo sijaona iliyo bora zaidi ya kupangia rangi, kwa sababu kona zote na nyuso zote zinaonekana kwa pamoja na kwa ukubwa wake halisi. Chumba chetu kikikunjuliwa kinachukua mita 9.6 kwa 9.0. Kwa 1:50 hiyo ni milimita 192 kwa 180, inaenea kwenye A4 kwa shida. Kwa 1:25 ni milimita 384 kwa 360, na inakaa vizuri kwenye A2. Dari ichore pembeni kama umbo la peke yake, kwa mwelekeo uleule wa ramani, usiigeuze.

Kwenye kila mchoro chora pia mstari wa skeli uliogawanywa kwa mita. Mchoro ukichapishwa kwa mpangilio wa kujaza ukurasa, maandishi ya "1:50" yanakuwa uongo, lakini mstari wa skeli unanyooka na kufupika pamoja na mchoro, hivyo unabaki kweli.

Samani na njia, kwa kifupi

Kata vipande vya karatasi ngumu vya samani kwa 1:50 uvisogeze juu ya ramani. Njia kuu iwe na milimita 900. Pembeni mwa kitanda acha 700. Nyuma ya kiti cha meza ya kulia acha 750 ili mtu asogeze kiti na kuinuka. Kama watu wanapita nyuma yake, fikisha 1100. Mtumiaji wa kiti cha magurudumu anahitaji duara la milimita 1500 ili ageuke. Meza ya kuandikia huwa na kimo cha 720 hadi 750, kiti 430 hadi 450, meza ya jikoni ya kufanyia kazi ukiwa umesimama 850 hadi 900. Chora robo duara la kila mlango unaofunguka, pamoja na milango ya makabati. Migongano mingi iko hapo.

Mwanga kabla ya rangi

Kila uso una kiwango cha uakisi, yaani sehemu ya mwanga inayorudishwa. Watengenezaji wengi wa rangi huandika namba hiyo kwenye kadi zao, kuanzia karibu 0 kwa nyeusi hadi karibu 100 kwa nyeupe. Viwango vya kawaida vya kufanyia kazi ndani ya jengo ni dari 70 hadi 90, kuta 50 hadi 80, sakafu 20 hadi 40.

Chukua chumba chetu. Nyuso zake zote kwa jumla ni meta za mraba 72.4. Kuta, ukiondoa mlango na dirisha, ni 38.4, zaidi ya nusu ya jumla. Tukiweka dari uakisi wa asilimia 85, sakafu 25, mlango 50, kioo 10 na kuta 70, wastani wa chumba unakuwa 62. Tukibadilisha kuta peke yake kuwa za asilimia 30, mathalani bluu ya kina au kijani kizito, wastani unashuka hadi 40. Katika hesabu inayotumika sana ya wastani wa mwanga wa mchana, mwanga hugawanywa kwa moja kutoa mraba wa wastani huo wa uakisi. Kwa kuta za 70 kigawanyo ni 0.62, kwa kuta za 30 ni 0.84. Kwa dirisha lilelile na anga lilelile, chumba kimepoteza karibu robo ya mwanga wake kwa sababu ya rangi tu.

Robo hiyo italipwa mahali fulani. Utapanua dirisha, utaongeza taa, au utavumilia giza. Unaweza pia kupaka ukuta mmoja tu mrefu kwa rangi ya 30 na kuacha mingine kwenye 70, na hapo hasara inashuka hadi kama asilimia 11. Hayo ni maamuzi ya mtu anayechora, ndiyo sababu hesabu hii inafanywa kabla fundi umeme hajapitisha nyaya.

Ukuta wenye dirisha una tabia yake. Haupati mwanga wa moja kwa moja, kwa hiyo rangi ileile ukiipaka hapo itaonekana nyeusi zaidi kuliko kwenye kuta nyingine, na jicho litachokeshwa na tofauti kati ya anga linalong'aa na ukuta ulio gizani. Uupe rangi nyepesi kuliko zote chumbani, na pande za ndani za uwazi wa dirisha ziwe nyeupe au karibu na nyeupe. Watu hupenda kuufanya huu ndio ukuta wa rangi kali, na kwa chumba cha dirisha moja ni karibu chaguo baya kuliko yote.

Fikiria pia mtumiaji yuko katika hali gani. Msanifu majengo Alvar Aalto, kwenye sanatoria (hospitali ya kifua kikuu) ya Paimio huko Finlandi iliyokamilika mwaka 1933, alijua kwamba mgonjwa aliyelala siku nzima hutazama dari. Akaipaka dari ya vyumba vya wagonjwa rangi ya kijani tulivu badala ya nyeupe inayochoma macho, na taa akaziweka mahali ambapo mtu aliyelala hazimwangazi machoni. Dari nyeupe ni desturi nzuri kwa watu waliosimama na kukaa. Kwa chumba cha kulala jiulize upya.

Kuchagua rangi

Rangi yoyote ina mambo matatu: jamii yake (nyekundu, manjano na kadhalika), kiasi chake cha weupe au weusi, na ukolezi wake. Wanaokosea mara nyingi hubishana kuhusu jamii tu, kumbe kinachoharibu chumba ni ukolezi. Mfumo wa rangi wa NCS (Natural Colour System) unayaandika yote matatu kwenye namba moja. S 2030-Y90R inasema weusi asilimia 20, ukolezi asilimia 30, na jamii ni manjano iliyosogea asilimia 90 kuelekea nyekundu. Ukielewa hilo unaweza kumwambia fundi "jamii ileile, ukolezi ushuke kutoka 30 hadi 10" na mkaelewana bila kutupiana maneno kama "poa kidogo".

Utaratibu wa kuchagua uwe huu:

1. Kusanya vitu ambavyo havitabadilika: sakafu, mbao za mlango, jiwe, vigae, aluminiamu ya dirisha. Leta vipande vyake halisi mezani, karibu na dirisha.
2. Tafuta rangi iliyojificha ndani ya kila kimoja kwa kukiweka juu ya karatasi nyeupe kabisa. Mbao inayoitwa kahawia inaweza kuwa ya chungwa au ya zambarau. "Nyeupe" nayo huwa na manjano, kijani, pinki au bluu ndani yake, na nyeupe mbili zisizopatana ndizo hufanya skatingi mpya (ubao wa chini ya ukuta) ionekane chafu.
3. Amua uakisi wa dari, wa kila ukuta na wa sakafu kutokana na hesabu ya mwanga. Bado hujachagua jamii.
4. Chagua jamii moja inayotawala na nyingine moja ya kuitegemeza. Ya tatu iingie kwenye vitu vidogo tu.
5. Paka rangi hizo kwenye mchoro wa chumba kilichokunjuliwa.

Kuna kanuni maarufu ya asilimia 60, 30 na 10 ya kugawa rangi. Haina ubaya, ila pima kwanza. Ukuta mmoja mrefu wa chumba chetu ni meta za mraba 11.3, yaani karibu asilimia 16 ya nyuso zote. Ukiuita "ile kumi" tayari umepitiliza, na hujaweka pazia wala mto.

Msanifu majengo Le Corbusier mwaka 1931 aliandaa mkusanyiko wa rangi 43 kwa ajili ya kampuni ya karatasi za ukutani ya Salubra, ili mtu achague kutoka kwenye idadi ndogo ya rangi zilizokwisha kupimwa kwamba zinaelewana. Wazo hilo linafaa ofisi yoyote. Mkusanyiko wako mwenyewe wa rangi 30 au 40 unazozijua zinavyofanya kwenye ukuta mkubwa una thamani kuliko kitabu cha rangi 2000 ambazo hujawahi kuziona zaidi ya ukubwa wa stempu.

Rangi ziishie wapi

Hili huandikwa mara chache, na ndilo linalotofautisha kazi ya msanifu na kazi ya kubahatisha. Rangi mbili zikutane kwenye kona ya ndani, pale kuta mbili zinapoingiana. Usizikutanishe kwenye kona ya nje, ile inayochomoza. Kwenye kona ya nje jicho linaona unene wa rangi, ukingo hauwezi kunyooka kamili kwa sababu lipu ya hapo huwa imeviringika kidogo, na ukuta unaonekana kama karatasi iliyobandikwa. Kama ni lazima rangi iishie kwenye kona ya nje, izungushe ifike kwenye kona ya ndani inayofuata, au weka mfereji wa kivuli wa milimita 10 hivi utenganishe.

Kwenye nyumba ya Schröder mjini Utrecht, ya mwaka 1924, msanifu Gerrit Rietveld alifanya kila bamba la ukuta, kila nguzo na kila reli kuwa kitu kinachojitegemea chenye rangi yake, na kingo zikawa sehemu ya muundo. Iliwezekana kwa sababu vitu vyenyewe vilisanifiwa vikiwa vimetengana, vikipitana bila kuungana. Ukijaribu kuiga hivyo kwenye boksi la kawaida la lipu, utapata madoa ya rangi tu.

Fremu ya mlango na ukuta wake vitofautiane angalau pointi 30 za uakisi pale ambapo watu wenye uoni hafifu hutumia jengo. Vivyo hivyo kwa swichi na ukuta, na kwa ukingo wa ngazi na ngazi yenyewe.

Kujaribu kwenye karatasi, kwenye boksi, kisha ukutani

Skrini ya kompyuta ni nzuri kwa kulinganisha mipango miwili, lakini haifai kuchagulia rangi yenyewe. Inatoa mwanga, ukuta unaurudisha. Paka mchoro wako kwa rangi ya maji ya kuchorea au penseli, au bora zaidi, kwa rangi halisi ya ukutani iliyopakwa kwenye karatasi nene na kukatwa kwa skeli.

Baada ya hapo tengeneza boksi la 1:20. Chumba chetu kinakuwa milimita 210 kwa 180 kwa 135. Kata dirisha mahali pake, bandika rangi ndani, funika dari, na toboa tundu la kuchungulia kwenye ukuta ulio mkabala na dirisha, milimita 80 kutoka sakafu, ambayo ni macho ya mtu aliyesimama. Tundu la pili, milimita 60 kutoka sakafu, ni la mtu aliyeketi. Geuza boksi dirisha lake litazame upande wa dira uleule wa chumba, uchungulie. Utaona kitu ambacho kadi ya rangi haiwezi kukuonyesha: kuta zenye rangi hurudishiana mwanga, nyekundu inarudishwa na nyekundu, na rangi nzima inakolea. Ndiyo maana chumba kilichopakwa huonekana kikali kuliko kadi, na ndiyo sababu inayofanya washika kadi wazoefu washuke hatua moja ya ukolezi kabla ya kuagiza.

Jaribio la mwisho ni ukutani, kwa kipimo cha angalau mita moja kwa mita moja. Paka mikono miwili, yaani tabaka mbili za rangi, kwenye ubao mwepesi badala ya ukuta, ukiacha ukingo mweupe wa milimita 50 kuuzunguka. Ukingo huo unaizuia rangi ya zamani ya ukuta isiingilie hukumu yako. Ubao unahamishika: uweke ukuta wa dirisha, ukuta wa mkabala, kona yenye giza, na utazame asubuhi, mchana na usiku. Usiulaze mezani, kwa kuwa uso uliolala hupokea mwanga mwingine kabisa.

Usiku ndipo taa zinaposema. Tazama kwa taa zilezile zitakazofungwa. Taa ya Kelvini 2700 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga wa taa) inaongeza manjano na kuifanya bluu iwe ya kijivu. Ya 4000 haina upendeleo mkubwa. Kwenye boksi la taa angalia namba ya CRI au Ra, inayoonyesha taa inavyotoa rangi kwa uhalisi: 80 ni ya kawaida, 90 kwenda juu ni ya chumba ambacho rangi zina maana. Kuna rangi mbili ambazo mchana hufanana kabisa na chini ya taa zikatengana, kwa mfano kitambaa cha pazia na ukuta, kwa sababu zimetengenezwa kwa malighafi tofauti za rangi. Hilo huligundui mpaka uviweke pamoja chini ya taa husika.

Kiasi cha rangi na maandalizi ya ukuta

Lita moja ya rangi ya maji hufunika meta za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Kwenye lipu yenye chembe au ukuta unaonyonya, hesabu 8 au chini ya hapo. Kwa chumba chetu:

| Sehemu | Eneo (m²) | Mikono | Lita (moja kwa kila 10 m²) | Pamoja na ziada ya 10% |
|---|---|---|---|---|
| Ukuta mrefu wa rangi ya kina | 11.3 | 2 | 2.3 | 2.5 |
| Kuta nyingine | 27.1 | 2 | 5.4 | 6.0 |
| Dari | 15.1 | 2 | 3.0 | 3.3 |

Nyekundu safi na manjano safi hazifuniki vizuri. Ziwekee mkono wa tatu, na chini yake paka praima ya kijivu au iliyotiwa rangi inayokaribiana nazo. Ukitumia madebe mawili au zaidi ya rangi moja, changanya yote kwenye ndoo moja kabla ya kuanza. Rangi iliyochanganywa siku tofauti huachana kidogo, na tofauti hiyo itajitokeza katikati ya ukuta.

Lipu mpya ya saruji iache iive kama siku 28. Ina alikali inayoula rangi na maji yanayotaka kutoka. Ukiwa na shaka, bandika kipande cha plastiki cha nusu mita kwa nusu mita ukutani, kingo zote zikiwa zimefungwa kwa tepu, ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone nyuma yake au ukuta umekuwa mweusi, bado kuna unyevu. Chumvi nyeupe ikitoka, isugue kwa brashi kavu na utafute maji yanatokea wapi. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani, na ukiipaka rangi juu yake itabanduka.

Uso wa rangi nao ni uamuzi wa mchoroni. Isiyong'aa huficha mawimbi ya lipu, kwa hiyo ni ya dari na ya kuta ndefu zinazopigwa na mwanga wa pembeni. Inayong'aa kidogo husafishika, inafaa jikoni, bafuni na korido. Mwanga ukipita sambamba na ukuta, kama ule wa dirisha lililo konani kabisa au taa ya ukutani, kila kasoro ya puti inaonekana. Hapo agiza puti mbili na msasa laini, au sogeza taa.

Mistari inayoonekana pembeni mwa dari baada ya kukauka, kama fremu ya picha, hutokea fundi akimaliza kingo zote kwa brashi, zikakauka, ndipo akaleta rola. Brashi na rola ziende pamoja, ukuta mmoja kwa wakati, ukingo ukiwa bado mbichi. Tepu ya karatasi ivutwe rangi ya mwisho ikiwa bado na unyevu, kwa pembe, la sivyo inaondoka na ngozi ya rangi. Kwenye jengo la zamani usipige msasa mkavu rangi usiyoijua. Nyingi zilikuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Kumkabidhi fundi

Mpe karatasi tatu: ramani, chumba kilichokunjuliwa chenye herufi kwenye kila uso (A, B, C, D, dari E), na jedwali. Kwenye jedwali kila herufi iwe na namba kamili ya rangi na mfumo wake, aina ya uso, praima, idadi ya mikono, na mstari unaosema rangi inaishia wapi. Jina la rangi peke yake usiliandike kamwe, kwa sababu majina ya kupendeza hubadilika kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Andika pia vitu visivyopakwa: bawaba, swichi, mpira wa dirisha, mbao zitakazopigwa vanishi. Kisichoandikwa kitapakwa.

Kazi ikiisha, bakiza kama nusu lita ya kila rangi kwenye chombo kidogo kilichojaa hadi juu na kufungwa vizuri, maana hewa ikibaki ndani rangi hutengeneza ngozi. Juu yake bandika lebo yenye herufi ya uso, namba ya rangi, namba ya mchanganyiko iliyo kwenye debe na tarehe. Nakala ya jedwali ibandike ndani ya mlango wa kabati la chumba chenyewe, mahali fundi wa baadaye atafungua tu na kuiona.